Nimemaliza The Fountainhead, na kilichoninyima usingizi ni suala la muhuri

Kalamu na Rula (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi mpaka wikiendi.

Kwa wiki sita hivi natembea na kitabu kimoja kwenye begi, The Fountainhead cha Ayn Rand. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, jalada limekatika kona, kurasa zaidi ya 700. Nimekisomea kituoni Kimara nikisubiri mwendokasi, nimekisomea kwa tochi ya simu umeme ulipokatika, na juzi usiku nimekimaliza. Mimi ni mbunifu majengo, nimetoka chuo miaka minne iliyopita, nipo kwenye ofisi ndogo ya michoro hapa mjini. Kuna mambo humo ndani nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Kwa ambao hawajakisoma. Kitabu kilitoka 1943, baada ya kukataliwa na wachapishaji 12. Hadithi inaanza 1922 huko Marekani na vijana wawili waliosoma usanifu chuo kimoja. Howard Roark anafukuzwa kwa sababu hataki kuchora majengo ya kuiga Ugiriki na Roma kama walimu wanavyotaka. Peter Keating anahitimu kwa sifa zote, ingawa kazi zilizomshinda chuoni alikuwa anambebea Roark amsaidie. Keating anaingia ofisi yenye jina kubwa New York na kupanda cheo kwa kuwasifia wakubwa na kuwachimba wenzake. Roark anamfuata Henry Cameron, mzee aliyewahi kuwa juu kuliko wote, sasa watu wamemsahau na pombe imemla. Cameron anafanana sana na Louis Sullivan, mbunifu wa kweli wa Chicago, aliyekufa fukara 1924. Mwandishi mwenyewe alijitolea kufanya kazi bila mshahara kwenye ofisi ya mbunifu Ely Jacques Kahn, New York, ili aione kazi yetu kwa ndani, na mtu wa fani anaona kabisa kwamba hakuhadithiwa. Ile hali ya kuchora usiku kucha jengo ambalo bosi atakwenda kulielezea kesho kama lake, ameipata sawasawa.

Kuna sehemu moja nimeisoma mara tatu. Roark hana kitu, ofisi yake inakaribia kufungwa. Benki moja kubwa inampa kazi ya jengo lake la makao makuu. Wamekubali ramani yote, ila wanataka kitu kimoja tu: usoni mwa jengo abandike mapambo ya Kigiriki, watu wazoee. Anakataa. Anafunga ofisi, anakwenda kupasua mawe kwenye machimbo ya matale huko Connecticut.

Niliposoma pale nilikuwa nimetoka saiti Goba siku hiyohiyo. Mteja nimemchorea nyumba ya vyumba vitatu. Nilikaa na ile ramani wiki mbili nikitafuta upepo, maana Dar huwezi kuchora bila kujua kusi inatokea wapi na kaskazi inatokea wapi. Sebule nikaipa madirisha matatu upande wa kusi, upande wa magharibi nikaweka baraza pana ili jua la saa kumi lisipige ukuta. Nimefika, nimekuta tofali zimeshavuka usawa wa dirisha. Madirisha yote matatu yameondolewa, ukuta umezibwa, kwa sababu pale itakaa runinga. Baraza imekatwa. Mbele zimesimamishwa nguzo nne kubwa za mviringo, za Kirumi, alizoziona kwenye nyumba ya jirani. Nilimuuliza hewa itapita wapi. Akaniambia ataweka kiyoyozi.

Nilirudi nyumbani na hasira ya Roark yote kifuani. Nilimwona ndiye ndugu yangu pekee duniani.

Halafu nikafika sehemu ya nne, habari ya Cortlandt. Huu ni mradi wa serikali wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Keating anautaka, kichwa hakimtoshi. Anakwenda kwa Roark usiku kumwomba. Roark ana suluhisho la gharama, amelifikiria miaka na miaka, lakini anajua serikali haitampa yeye kazi ile. Wanakubaliana hivi: Roark atachora kila kitu, Keating ataweka jina lake, achukue pesa yote na sifa yote. Roark anataka jambo moja, nyumba zijengwe kama zilivyochorwa. Roark anasafiri, huku nyuma wanaingizwa wabunifu wengine wenye kujuana na wakubwa, wanabandika vibaraza, wanaongeza ukumbi wa mazoezi, wanavuruga. Keating anajaribu kupinga na hana la kusema, kwa kuwa hakuichora yeye. Roark anarudi, anaona, na usiku mmoja anaulipua mradi mzima kwa baruti kabla hajahamia mtu. Anabaki palepale mpaka polisi wanamkamata, anajitetea mahakamani, baraza la wazee wa mahakama linamwachia huru.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanabishania baruti. Mimi nimekwama nyuma kidogo ya hapo, kwenye yale makubaliano ya usiku. Wakuu wa fani mnajua ninachotaka kusema. Kijana hajasajiliwa na Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, anachora, mwenye usajili anagonga muhuri, kona ya ramani linakaa jina lisilowahi kufika kwenye kile kiwanja. Ile nyumba ya Goba imepitishwa hivyo. Jina langu halipo popote. Yule mteja alipobadilisha ramani hakumdharau mbunifu yeyote, kwa sababu kwenye karatasi zake mimi sipo, na aliyepo hajui kama kulikuwa na madirisha matatu upande wa kusi.

Roark alikuwa fundi wa kweli, lakini Cortlandt aliisaini kwa uongo yeye na mwenzake. Hoja yangu ni kwamba pale ndipo jengo lilipoharibika, kabla hata msingi haujachimbwa. Nataka kusikia mnaonaje, hasa mliokula chumvi kwenye kazi hii.

Mzee wa Saiti

Kijana, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mhandisi, saiti nimeanza 1991. Kitabu nilikisoma zamani, nikiwa na umri kama wako, nikampenda Roark kama unavyompenda. Leo simpendi.

Nitakwambia kwa nini. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 ghorofa 16 lilikuwa linajengwa katikati ya mji, likaanguka asubuhi, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, la ghorofa nne, watu wakiwa madukani, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa inasikiliza sauti za walio chini ya kifusi. Chanzo cha hayo nawaachia waliochunguza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyesimama kando ya kifusi hawezi tena kusoma habari ya baruti kama ishara ya heshima ya msanii. Roark alihakikisha mlinzi wa usiku ametolewa eneo lile kabla ya kulipua, sawa, nakumbuka. Lakini zile nyumba zilikuwa za watu maskini wanaosubiri kuhamia, na katika kurasa zote hizo hakuna hata mmoja wao anayepewa nafasi ya kusema.

Fikiria Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale, zikasubiri kwa miaka, mpaka magorofa mapya yakafunguliwa 2022. Hebu mtu ayalipue kwa sababu vibaraza havikumpendeza.

Kwenye suala la muhuri uko sahihi asilimia mia, na usiliache. Mimi nimewahi kuitwa kwenye jengo lenye ufa wa kupitisha vidole, natafuta mwenye ramani, naambiwa hakumbuki kazi ile. Aligonga siku moja na nyingine kumi. Nondo za nguzo za chini zilikuwa za milimita 12, kwenye mchoro zimeandikwa 16. Nani alibadilisha? Fundi anasema aliagizwa, mwenye nyumba anasema aliambiwa inatosha, mwenye muhuri hajawahi kukanyaga pale.

Binti wa Upanga

Kaka Kalamu, asante kwa uzi. Shikamoo Mzee wa Saiti.

Mimi si mtu wa ujenzi, nafundisha fasihi sekondari, na nataka kusema mambo mawili ambayo mmeyapita.

La kwanza ni Dominique, mwanamke anayependana na Roark kwenye kitabu. Ile sehemu ya Roark kuingia chumbani kwake usiku, mimi naiita ubakaji, na kitabu kinataka niione kama mapenzi makubwa. Sikubali, na sioni sababu ya kulizunguka jambo hili kwa kuwa kitabu ni maarufu. Mwanamke mwenye akili kuliko karibu wote mle ndani ameandikwa ili avunjwe. Nawaambia wanafunzi wangu wakubwa kwamba unaweza kukisoma kitabu mpaka mwisho na ukakikatalia mahali.

La pili linahusu Rand mwenyewe. Alizaliwa St Petersburg 1905. Yalipokuja mapinduzi ya 1917 duka la dawa la baba yake lilitaifishwa, na 1926 yeye akaondoka kwenda Marekani. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini kila mtu mle ndani anayesema neno la kuwatumikia wengine ana njama. Ellsworth Toohey, mkosoaji wa majengo anayehubiri huruma kwenye gazeti huku anaua kila kipaji anachokiona, ametokana na jeraha lile.

Sasa mimi nimekulia Upanga, kwenye nyumba iliyokuwa ya Msajili wa Majumba. Ilitaifishwa 1971, zilipochukuliwa nyumba za kupangisha, na baba yangu, karani kutoka Morogoro, akapata humo vyumba viwili ambavyo asingeweza kuvipata kwa njia nyingine. Juu ya mlango wa mbele kuna mwaka na herufi mbili za jina la aliyeijenga, zimechongwa kwenye plasta. Nilikuwa naziangalia kila nikitoka shule. Utotoni niliwahi kumuuliza mama hizo herufi ni za nani, akasema ni za mwenye nyumba, nikashangaa, kwani mwenye nyumba si sisi? Hakunijibu haraka.

Kwa hiyo nikisoma Rand nasikia uchungu wa baba yake, nausikia kabisa. Na papo hapo najua kwamba nisingesoma vizuri bila vile vyumba viwili. Kitabu chake hakina nafasi ya watu wawili kuwa na haki kwa wakati mmoja. Upanga ilinilea ndani ya hali hiyohiyo.

Ila aliyeniliza si Roark. Ni Keating, pale mwishoni, anapomletea Roark picha alizochora. Tangu mtoto alitaka kuwa mchoraji, mama yake ndiye aliyetaka mbunifu majengo. Roark anaziangalia na kumwambia kwa upole kwamba amechelewa. Nina wanafunzi darasani ambao wazazi wameshawachagulia udaktari na uhasibu, na nilipofika pale niliweka kitabu chini.

Kalamu na Rula

Dada, hapo kwa Dominique sina cha kutetea. Niliruka nikiandika uzi kwa kuwa sikujua niseme nini, na nimekosea kuruka.

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya wapangaji wa Cortlandt imenikaa. Nimerudi kufungua kurasa zile jana usiku. Kweli hawapo. Roark anajali gharama ya kodi yao, anajali mwanga wa chumba chao, lakini hajamuuliza hata mmoja anapika wapi. Nikafikiria kwamba na mimi mteja wangu wa Goba sikumuuliza runinga itakaa wapi.

Mwana wa Shimoni

Naomba kuchangia kwa upande mwingine. Mama yangu aliuza nazi na viungo Soko la Kariakoo, kule shimoni, miaka zaidi ya ishirini. Nimekua chini ya lile paa. Watu wanatafuta Roark kwenye vitabu vya Marekani na sisi tunaye Beda Amuli, mtu wa Masasi, Mwafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu. Soko lile kalichora yeye, likakamilika katikati ya miaka ya 1970.

Angalieni lilivyo. Lile paa ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mvua ikinyesha maji yanakusanywa na miavuli, yanashuka ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi yaliyo chini. Pembeni kuko wazi, joto linapanda na kutoka. Mama alikuwa anasema Machi, Dar nzima inapotokota, kwake kulikuwa na afadhali. Yule mzee alianza na mama mwenye kapu na mchukuzi mwenye mkokoteni, ndipo akachora. Na bado hakuna jengo jingine mjini hapa linalofanana nalo. Ukaidi wa Roark anao wote, ila hakuupata kwa kuwadharau wateja.

Soko liliungua Julai 2021. Usiku ule nilisimama Mtaa wa Mkunguni na mama, hakusema neno. Alipofariki Amuli, 2016, nilikuwa bado sijui jina lake. Nimekaa chini ya kazi yake utoto wangu wote bila kulijua jina. Hilo ndilo linaloniuma ninaposoma uzi huu wa majina na mihuri.

Kalamu na Rula

Mkuu, umenipa kitu kikubwa. Chuoni tulionyeshwa ile miavuli kwenye picha, na hakuna aliyetuambia habari ya mama na kapu.

Niongeze na Anthony Almeida, mzaliwa wa hapahapa Dar, aliyesomea usanifu Bombay na kurudi kufanya kazi nyumbani kwa miongo mingi. Lile kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, Chuo Kikuu, ni lake. Ingieni mchana wa jua kali mkae dakika kumi. Hakuna nguzo ya Kirumi hata moja, na hakuna anayelalamika kwamba halina hadhi.

Fundi Chanika

Habari zenu wakubwa. Kitabu sijakisoma, Kiingereza cha kurasa 700 sikiwezi, nimesoma uzi wote. Mimi ni fundi uashi.

Bwana mchoraji, nikuulize bila ugomvi. Mara ya mwisho kufika saiti kabla ya siku ile ya hasira ilikuwa lini? Maana sisi tukipewa ramani na mwenye nyumba, tunaambiwa hii ni ya kupatia kibali. Akija mwenye pesa akasema ziba hapa, nitazibaje mdomo? Ramani haisemi dirisha hili lipo kwa ajili ya upepo wa kusi. Inasema upana na urefu tu. Ningejua, ningemwambia mwenye nyumba mimi mwenyewe, kwani ndani ya boma huwa naona joto lake kabla yenu wote.

Na kama kuna la kurekebisha, sema kabla lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, haijamwagwa. Ikishamwagwa, kila dirisha unalotaka kurudisha ni nyundo, nondo na pesa.

Mzee wa Saiti

Fundi amemaliza. Kijana, chukua daladala uende Goba.

Kalamu na Rula

Fundi, nilifika siku ya kupima msingi, na siku ile ya hasira. Mara mbili tu.

Kuna mtu kwenye kitabu anaitwa Mike, fundi umeme. Ana dharau na wachora ramani wote, mpaka siku Roark anapomwonyesha saiti kwamba kazi ya mikono anaijua. Toka hapo anamfuata kwenye kila jengo, na mambo yanapoharibika anabaki naye. Niliisoma haraka ile sehemu nikitafuta hotuba. Nitairudia.

Kalamu na Rula

Wakuu, narudisha mrejesho, ni siku tisa tangu nifungue uzi.

Jumamosi nilikwenda Goba saa moja na nusu asubuhi, lenta ilikuwa haijafungwa. Nilimkuta fundi na mwenye nyumba na mkewe. Sikufungua ramani kwanza. Niliwaomba tusimame wote ndani ya boma, upande uliozibwa, kisha tusogee upande wa mlango ulio wazi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyesema, hapa hapakaliki. Tukapanga runinga ihamie ukuta wa mashariki. Madirisha mawili kati ya matatu yanarudi, la tatu limeshindikana kwa sababu nyuma yake wameshaamua kuweka kabati la vyombo, na sababu yao ni nzuri kuliko yangu. Baraza ya magharibi itarudi kwa mita moja na nusu, nilichora mbili na nusu. Nguzo za Kirumi zinabaki. Mzee mwenye nyumba anazipenda, alizitamani tangu anapanga chumba Manzese, na aliponieleza hivyo sikuweza kusema kitu.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenye muhuri. Nilimwomba mambo mawili: kazi zote ninazochora aje saiti angalau mara moja kabla ya lenta, na jina langu liandikwe kona ya ramani kama aliyechora, chini ya lake. La jina amekubali palepale. La kufika saiti amesema atafikiria.

Binti wa Upanga, ukikitaka kwa ajili ya wanafunzi wako wakubwa, kitabu kipo, nitakiacha kwa yuleyule muuza vitabu pale Posta, nimeshamwambia asikiuze. Ukurasa wa makubaliano ya Cortlandt nimeukunja kona.